KIMBUNGA KIKIJA, NANI WA MWISHO KUPANDA MASHUA?

Linapotajwa neno utalii wengi wetu hufikiria hoteli, ufuko mweupe na mgeni aliyelala juani. Ni mara chache tunamfikiria yule anayekikunja kiti cha mgeni huyo, akakibeba ghalani na kukifunga kamba, wakati mgeni mwenyewe yuko mbali baharini na upepo umeanza kuvuma. Katika makala haya tunamzungumzia mfanyakazi huyo. Tumechagua visiwa vya Bahamas, kwa sababu huko kazi ya kukiandaa kisiwa cha starehe kwa ajili ya kimbunga hurudi kila mwaka, na kwa sababu yaliyotokea huko yanafaa kujadiliwa katika kila tawi la wafanyakazi wa hoteli na mabaharia.

VISIWA VYENYE MWENYEWE

Bahamas ina visiwa vipatavyo 700, vingi vikiwa vidogo na visivyo na wakazi. Viko katika bahari ya Atlantiki, ng'ambo ya pwani ya Florida. Mwaka 1977 kampuni ya meli za watalii ya Norwegian Cruise Line ilinunua kisiwa cha Great Stirrup Cay kutoka kwa kampuni ya mafuta, ikawa ya kwanza kumiliki kisiwa kwa ajili ya abiria wake peke yao. Nyingine zikafuata. Holland America ilinunua kisiwa cha Little San Salvador mwaka 1996 na kukiita Half Moon Cay. Disney ilikodi Gorda Cay kwa miaka 99, ikakiita Castaway Cay, na meli yake ya kwanza ikafika huko mwaka 1998. Royal Caribbean ilitumia dola milioni 250 za Kimarekani kukijenga upya kisiwa chake cha CocoCay, kazi iliyozinduliwa mwaka 2019.

Sababu za kampuni kutaka visiwa hivi si vigumu kuziona. Meli ikitia nanga katika bandari ya mji, abiria hushuka na kumlipa mwenye teksi, mwenye mkahawa na muuza vinyago. Meli ikitia nanga katika kisiwa cha kampuni, sehemu kubwa ya fedha hizo hurudi katika mfuko ule ule zilikotoka.

Wanaofanya kazi katika visiwa hivyo ni wa makundi matatu. Kwanza ni mabaharia wanaoshuka na meli asubuhi na kurudi nayo jioni. Pili ni wafanyakazi wanaolala kisiwani: mafundi wa umeme na maji, watunza bustani, wapishi, walinzi, madereva wa mashua. Tatu ni wenyeji wa visiwa vya jirani wanaovuka kila siku, pamoja na wachuuzi wa vikapu na wasusi wanaotegemea siku za meli. Hatari ikitokea, kundi la kwanza huondoka na meli. Makundi mawili yaliyobaki ndiyo yanayokiandaa kisiwa, na ndiyo tunayotaka msomaji ayaangalie.

MSIMU WA MIEZI SITA

Msimu wa vimbunga katika Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba. Kimbunga huhesabiwa kuwa kimbunga kamili upepo wake ukifika kilomita 119 kwa saa. Kutoka hapo hupangwa katika daraja tano, na daraja la tano ni upepo wa kilomita 252 kwa saa au zaidi. Lakini upepo si adui pekee. Kimbunga husukuma maji ya bahari mbele yake na kuyapandisha juu ya nchi kavu, na maji hayo ndiyo yanayoua wengi katika visiwa vya chini. Bahamas ni nchi tambarare mno. Mahali pa juu kabisa katika nchi nzima, kilima cha Alvernia katika Cat Island, ni mita 63 tu. Kisiwa kidogo cha ufukoni hakina kilima cha kukimbilia.

Kwa hiyo matayarisho huanza kabla ya msimu wenyewe. Matawi makavu hukatwa, na nazi huangushwa, maana nazi ikirushwa na upepo wa kimbunga hutoboa dirisha na hata kuvunja kichwa cha mtu. Jenereta hupimwa. Vifuniko vya madirisha, vya chuma au vya plaiwudi, huhesabiwa na kutiwa namba ili kila kimoja kiende mahali pake bila kubahatisha. Huwekwa akiba ya mafuta, maji ya kunywa, chakula kisichooza, dawa, simu za setilaiti, maturubai, misumari na kamba. Kila kikosi hupewa orodha yake. Kwa kazi hii ya mwanzo hatuna lawama, kwa kuwa matayarisho mema huokoa mali na watu pia.

KAZI YA SIKU TANO

Kituo cha kuchunguza vimbunga kilichoko Miami hutoa utabiri wa njia ya kimbunga siku tano mbele. Serikali ya Bahamas, kupitia idara yake ya hali ya hewa, hutangaza tahadhari yapata saa 48 kabla ya upepo mkali kutarajiwa kufika, na onyo yapata saa 36 kabla. Kisiwa hufungwa kwa kufuata saa hizo.

Siku ya tano na ya nne kabla, wakuu hutazama ramani, na meli zinazotarajiwa hubadilishiwa safari. Meli isipokuja hakuna mgeni, na hapo kazi ya kufunga huanza. Viti vya kulalia, ambavyo katika kisiwa kimoja huweza kuwa maelfu, hukusanywa vyote kutoka ufukoni na kupangwa ghalani au ndani ya makontena. Miavuli hung'olewa. Mitumbwi ya kuchezea, maboya ya kuogelea na vyombo vya kupiga mbizi hutolewa majini. Maturubai ya vivuli huteremshwa, kwa kuwa turubai lililoachwa juu hugeuka tanga na kung'oa nguzo zake.

Siku ya tatu na ya pili ni zamu ya mafundi. Matangi ya maji na ya mafuta hujazwa, si kwa akiba tu bali pia kwa sababu tangi tupu huelea maji yakipanda. Magari na mitambo hupelekwa mahali palipoinuka. Mtambo wa kuchuja chumvi ya bahari hufungwa ili usivute mchanga. Vyakula vya barafu hupangwa upya kwa kuwa umeme utakatwa. Wanyama, kama vile farasi wa kupandwa na watalii katika Half Moon Cay, nao hutaka mahali pa usalama. Mashua kubwa hupelekwa bandari yenye kinga, na ndogo hupandishwa nchi kavu au kuingizwa katika vijito vya mikoko na kufungwa kwa kamba nyingi, maana mikoko huvunja nguvu ya mawimbi.

Siku ya mwisho umeme huzimwa, milango hufungwa, na watu huhesabiwa.

Hapa pana jambo ambalo kila mfanyakazi anapaswa kulishika. Watu wengi huuliza, "Kimbunga kitafika lini?" wakimaanisha kile kitovu chake. Hilo si swali lenyewe. Upepo wa kilomita 63 kwa saa, ambao ni upepo wa dhoruba tu, hutangulia kitovu kwa saa nyingi, na mawimbi makubwa hutangulia hata upepo huo. Mashua ndogo haiwezi kuvusha watu salama katika hali hiyo, wala ndege ndogo haiwezi kuruka. Kwa hiyo saa ya mashua ya mwisho haihesabiwi kutoka kitovu. Huhesabiwa kutoka wimbi la kwanza kubwa. Meneja akisema bado kuna siku nzima, huenda wakati wa kuvuka umebaki nusu siku, na nusu siku hiyo bado inatumika kubeba viti.

Tena mfanyakazi mwenyeji ana mahali pawili pa kufunga. Akiwa anapigilia plaiwudi katika baa ya kampuni, madirisha ya nyumba yake katika kisiwa cha jirani yako wazi, na mke wake, au mama yake mzee, anapigilia peke yake. Orodha ya kampuni haina mstari wa nyumba hiyo.

MELI HUKIMBIA, KISIWA HAKIKIMBII

Meli ya watalii ya siku hizi huweza kwenda kilomita 37 kwa saa na zaidi. Kimbunga aghalabu husafiri polepole kuliko hivyo. Nahodha mwenye habari za mapema hugeuza usukani na kupeleka abiria wake bandari nyingine, kwenye jua. Abiria hulalamika kidogo kwamba hakukiona kile kisiwa alichoahidiwa, kisha hucheza muziki na kusahau. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, nasi hatumtakii abiria mabaya. Tunalotaka kusema ni kwamba mpango wa kumwondoa mgeni hufanya kazi wenyewe, kwa kuwa ndio mpango wa biashara. Mpango wa kumwondoa mfanyakazi haufanyi kazi wenyewe. Lazima mtu aupiganie.

Katika mapema ya Septemba 2019 mambo haya yalionekana wazi. Kimbunga Dorian kiliingia nchi kavu katika Elbow Cay, visiwa vya Abaco, tarehe 1 Septemba, kikiwa na upepo wa kilomita 295 kwa saa. Ni kimbunga chenye nguvu kuliko vyote vilivyopata kuandikwa katika historia ya Bahamas. Kisha kilifika kisiwa cha Grand Bahama na karibu kisimame kabisa, kikakipiga kisiwa hicho kwa zaidi ya siku nzima. Watu zaidi ya 70 walithibitishwa kufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Katika mji wa Marsh Harbour, mitaa ya mabanda ya The Mudd na Pigeon Peas, walimoishi wahamiaji kutoka Haiti, ilifagiliwa yote. Wengi wa watu hao walikuwa wafanyakazi wa bustani, wa ujenzi na wa majumba ya wageni.

Castaway Cay kiko katika visiwa hivyo hivyo vya Abaco, upande wa kusini. Habari zilitoka kwamba baadhi ya wafanyakazi wamebaki kisiwani wakati kimbunga kinapita, na watu wengi, hasa nchini Marekani, wakauliza kwa nini hawakuondolewa. Kampuni ilijibu kwamba wamo ndani ya jengo la kujikinga lenye mahitaji yote. Baadaye ilitangaza kwamba wote wako salama, na kwamba kisiwa kilipata upepo wa dhoruba tu. Tunafurahi kwamba ndugu hao walitoka wazima. Wala hatusemi kwamba jengo lile lilikuwa bovu. Tunasema kwamba kitovu cha Dorian kilipita kaskazini yake, na ukuta ambao haukupigwa na upepo wa kilomita 295 haujajaribiwa na upepo huo. Bahati njema si mpango. Na mtu anayebaki nyuma ana haki ya kujua kabla kama anategemea ukuta au anategemea bahati.

Ni haki pia kusema kwamba baada ya Dorian meli za watalii zilipeleka chakula na maji kwa waliopatwa na maafa, na kampuni zilitoa michango ya fedha. Yafaa washukuriwe. Lakini msaada baada ya msiba haujazi pengo la makubaliano kabla ya msiba.

NENO LA MFANYAKAZI LISIPOSIKIWA

Mtu aweza kuuliza: kwani mfanyakazi wa kawaida ana ujuzi gani wa kuamua mambo ya hali ya hewa? Jibu lake liko katika maji hayo hayo ya Bahamas. Mwishoni mwa Septemba 2015 meli ya mizigo El Faro iliondoka Jacksonville kwenda San Juan, Puerto Rico. Njiani kulikuwa na kimbunga Joaquin. Maafisa wa chini waliokuwa zamu usiku waliona katika habari za karibuni zaidi kwamba meli inaelekea kwenye kimbunga, wakampigia simu nahodha na kupendekeza njia ibadilishwe kuelekea kusini. Njia haikubadilishwa kama walivyotaka. Asubuhi ya tarehe 1 Oktoba meli ilizama, na mabaharia wote 33 walikufa. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulimlaumu nahodha kwa kutegemea habari za hali ya hewa zilizopitwa na wakati, na ukaitaja pia kampuni kwa usimamizi dhaifu wa usalama. Sauti zilizosema kweli usiku ule zilikuwa za watu wa chini, nazo zimehifadhiwa katika chombo cha kunasia mazungumzo kilichotolewa chini ya bahari.

Kwa sababu ya misiba ya namna hii, sheria za kimataifa za kazi hazikumwacha mfanyakazi bila silaha. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa kuwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake, alindwe asiadhibiwe kwa kitendo hicho. Tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake huifunga kila nchi mwanachama hata ile isiyouridhia. Lakini tuangalie jambo moja: haki ya kuondoka ina maana gani kwa mtu aliye kisiwani, na mashua zote ni za kampuni, na ufunguo uko kwa meneja? Haki hiyo hukamilika pale tu usafiri unapokuwa umeandikwa katika mkataba.

YA KUDAI KATIKA MKATABA

Kutokana na hayo tumekusanya mambo sita ambayo tunaona kila tawi linalohusika liyaweke mezani katika mazungumzo ya mkataba wa hali bora.

1. Saa ya mashua ya mwisho iandikwe, nayo ihesabiwe kutoka kufika kwa upepo wa kilomita 63 kwa saa na mawimbi yake, isihesabiwe kutoka kitovu. Saa hiyo ikifika, kazi isimame hata kama viti havijaisha.

2. Wenyeji waachiliwe mapema, kwa mshahara kamili, wakafunge nyumba zao na kuwahamisha watoto na wazee.

3. Anayebaki abaki kwa hiari yake, kwa maandishi, baada ya kuelezwa hatari. Wawe wachache wanaohitajika kwa kweli, wenye bima, na malipo ya saa zote wanazokaa humo, kwa kuwa mtu aliyefungiwa mahali pa kazi hayuko mapumzikoni.

4. Jengo la kujikinga likaguliwe na mkaguzi wa serikali kabla ya kila msimu, na kiongozi wa tawi awepo. Iandikwe ukutani: limejengwa kuhimili upepo wa daraja gani, sakafu yake iko juu ya bahari kwa mita ngapi, na linabeba watu wangapi.

5. Siku ambazo kisiwa kimefungwa zilipwe. Mfanyakazi hakuleta kimbunga. Na wachuuzi na wasusi, ambao hawana mshahara, wawekewe mfuko.

6. Baada ya kimbunga mtu asirudishwe kufagia mpaka umeme, majengo na maji vimekaguliwa. Wengi huumia upepo ukiwa umekwisha, kwa nyaya zilizokatika, misumari, misumeno ya mashine, na moshi wa jenereta iliyowashwa ndani ya chumba. Viatu na glavu vitangulie ufagio.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuifilisi kampuni yenye uwezo wa kutumia mamilioni ya dola kwa mabembea ya maji.

NA SISI JE?

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar kikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na vivuko kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa. Ni kweli kwamba pwani yetu hupigwa kwa nadra. Lakini nadra si kamwe, na mahali panapopigwa kwa nadra ndipo watu wanapokosa orodha, kamba na mazoea. Wakati huo huo serikali ya Zanzibar imekodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji wa hoteli. Kila kisiwa cha namna hiyo kitakuwa na wapishi, walinzi na watunza bustani wanaolala huko. Wao nao waulize sasa, hali ikiwa shwari: mashua yetu iko wapi, na nani anashika ufunguo?

Tena vijana wa Kenya na Tanzania wanaajiriwa katika meli za watalii zinazokwenda visiwa hivyo hivyo vya Bahamas. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 katika mwaka 2014, na Tanzania mwaka 2019. Mkataba huo unamlinda baharia. Kwa hiyo kijana anayetia sahihi aulize kabla ya kuondoka: je, nikipangiwa kazi ya kisiwani, nitahesabiwa kuwa baharia au mfanyakazi wa nchi kavu? Meli ikiondoka kwa ajili ya kimbunga, nami naondoka nayo? Jibu la mdomo halitoshi. Aombe liandikwe, na nakala moja aiache kwa chama chake.

Kimbunga hakichagui kati ya mwenye kisiwa na mkunja viti. Wanaochagua ni watu, na huchagua siku nyingi kabla, mezani, wakati bahari imetulia. Katika meza hiyo chama kina kiti chake. Tukikalie.